Nilivyoipata rangi ya ngozi kwenye nakala ya Juan de Pareja

Kazi yangu ni kuchora sura za watu kwa rangi ya mafuta, hapa Dar es Salaam. Mteja wa kawaida huja na picha ya paspoti ya mzazi aliyefariki, mara nyingi imepigwa tena kwa simu kutoka kwenye kitambulisho. Anataka picha kubwa ya kuweka sebuleni, ambayo hata mjukuu akiingia atasema: huyu ni bibi. Macho, pua na mdomo hupatikana kwa kupiga miraba na kuwa na subira. Iliyonihangaisha miaka mingi ni ngozi. Vijana wanaochora huniuliza sana juu ya hilo, kwa hiyo naeleza hapa jinsi nilivyoipata.

Vitabu vya mafunzo vilivyofika mikononi mwangu viliandikwa Ulaya na Marekani. Vinaeleza kwa kurasa nyingi namna ya kuchanganya ngozi ya mtu mweupe, kisha mtu mweusi anapewa sentensi moja: tumia kahawia. Lakini hakuna mtu mwenye kahawia moja. Mtazame mama yeyote anayeuza vitumbua nje asubuhi. Paji lake la uso limebeba mbingu, mashavu yana wekundu, chini ya kidevu pana rangi nzito yenye joto, na pembeni mwa pua panang'aa karibu na fedha. Nilihitaji mwalimu aliyelimaliza jambo hilo kwa brashi. Nikampata Roma, mwaka 1650.

Diego Velázquez, mchoraji wa Mfalme Philip IV wa Hispania, alikwenda Italia mara ya pili mwaka 1649 kumnunulia mfalme kazi za sanaa. Alifuatana na Juan de Pareja, mtu mwenye asili ya Kiafrika aliyekuwa mtumwa wake na msaidizi wake wa karakana. Huko Roma alimchora. Picha ikaonyeshwa kwenye Pantheon, jengo la kale la Roma, tarehe 19 Machi 1650. Antonio Palomino, aliyeandika maisha ya wachoraji wa Hispania, anasimulia kwamba wachoraji waliokuwapo walikubaliana kuwa picha nyingine zote zilionekana kuwa michoro, na hii peke yake ilikuwa ukweli. Novemba ya mwaka uleule Velázquez alitia saini hati ya kumwacha huru Pareja, kwa sharti kwamba atumike miaka minne zaidi. Baadaye Pareja alikuwa mchoraji kwa jina lake mwenyewe. Kwenye picha yake kubwa ya mwaka 1661, iliyopo makumbusho ya Prado mjini Madrid, amejichora upande wa kushoto akiwa ameshika karatasi yenye jina lake.

Nimeyasema haya kwa kirefu kwa sababu yalibadilisha namna nilivyomtazama. Nilikuwa nanakili uso wa mchoraji mwenzangu, mtu anayejua rangi husagwaje na turubai huandaliwaje, ambaye siku alipokaa mbele ya brashi hakuwa na haki hata juu ya mwili wake. Ukimtazama machoni utaona kwamba hayo hayakumwinamisha.

Picha yenyewe iko Metropolitan Museum, New York. Makumbusho hayo yaliinunua mnadani London mwezi Novemba 1970 kwa zaidi ya pauni milioni 2.3. Sijawahi kusimama mbele yake. Yote niliyojifunza nimeyapata kwenye nakala, na nakala ina mambo yake.

La kwanza ni kuchagua nakala ya kufuata. Mtandaoni Juan de Pareja yuko wa njano, yuko wa kijani, na yuko ambaye vivuli vyote vimekuwa shimo jeusi. Zote hizo niliziacha, nikashika ya makumbusho yenyewe. Tangu Februari 2017 wanaruhusu mtu yeyote kupakua bure picha za kazi zao zisizo na hakimiliki, kwa ukubwa wa kutosha kuona alama za brashi. Ukichanganya vyanzo viwili utajifunza tofauti ya kamera mbili, wala hutajifunza Velázquez.

La pili ni ukubwa. Picha halisi ina sentimita 81.3 kwa 69.9, kwa hiyo kichwa chake kinakaribia kichwa cha mtu wa kweli. Kwenye simu kinakuwa kama kidole gumba, na unaishia kuchora nyusi kwa brashi ya unywele mmoja mahali ambapo Velázquez mwenyewe alipita mara moja na brashi pana. Nilikata sehemu ya kichwa na kola, nikapiga hesabu ya vipimo, nikaiprinti kwa ukubwa wake halisi kwenye karatasi ya A3. Hapo ndipo kola ya lesi ilipofunguka: haina lesi hata kidogo, ni mabaka ya nyeupe yaliyotupwa haraka, na jicho lako ndilo linaloyafuma.

Ila karatasi haiaminiki kwa rangi. Printa za steshenari zinachanganya wino wa aina nne, na kwenye rangi za giza wino huziba: shavu na kivuli cha shavu vinakuwa kitu kimoja. Kioo cha simu kinatoa mwanga wake chenyewe, kwa hiyo giza linaonekana vizuri, lakini kila kitu kinang'aa kupita rangi ya mafuta. Nikagawa kazi. Karatasi ilinipa vipimo na alama za brashi, na simu ikanipa rangi, nikiwa nimezima mwanga unaojirekebisha wenyewe na kuiweka mahali palepale, dirisha lilelile.

Kabla ya kugusa rangi niliigeuza picha kuwa ya kijivu. Nawashauri wote mfanye hivi. Rangi inavutia jicho na kulificha jambo la msingi, yaani nini ni cheusi kuliko nini. Kwenye kijivu niliona kwamba hakuna sehemu ya uso wake iliyo nyeupe kama kola, hata ule mng'ao wa kwenye paji. Kola ndiyo mizani. Ukiongeza nyeupe kwenye paji mpaka ishindane na kola, ngozi inageuka plastiki. Basi nikatandaza kitambaa cha marekani kwenye fremu, nikakipaka gundi ya mbao iliyozimuliwa na tabaka mbili za rangi nyeupe ya maji, nikakisugua kwa msasa. Juu yake nikaweka kahawia nyepesi, nikachora uso wote kwa giza na mwanga tu.

Rangi zenyewe zilikuwa chache. Velázquez alifanya kazi kubwa kwa nyeupe, nyeusi, manjano na nyekundu za udongo, na nyingine chache za kuongezea. Mimi nilichukua nyeupe, nyeusi, manjano ya udongo, nyekundu ya udongo, nyekundu moja kali na buluu kidogo. Kahawia ya tyubu nikaiweka mbali makusudi. Kila mchanganyiko niliupaka kwenye ukanda wa plastiki angavu, nikauweka juu ya kioo cha simu na kutazama kupitia tundu la kadi ya kijivu. Ukitazama kwa tundu, ubongo hauoni tena paji la uso, unaona doa la rangi. Doa la kwenye paji la Pareja lilikuwa kijivu kilichochanganyika na waridi, rangi baridi kabisa, ambayo ukiiona peke yake huwezi kusema ni ya mtu mweusi. Vivuli ndivyo vilivyokuwa na joto. Mwanga ukiwa baridi na kivuli kikiwa na joto, ngozi inapumua.

Na kilichonifurahisha kuliko vyote ni ukuta wa nyuma. Ni kijivu kinachoelekea kijani, na nguo zake ni ndugu wa rangi hiyohiyo. Nilifunika ukuta kwa karatasi nyekundu, uso ukafifia palepale. Nikaifunua, uso ukapata damu. Yaani nusu ya rangi ya ngozi inachorwa nje ya uso. Hilo sikuwahi kulisoma popote.

Niliinakili sehemu ile ya kichwa tena na tena, mpaka mkono ukaacha kuuliza.

Kazi iliyonipa nafasi ya kulitumia somo hilo ililetwa na mzee mmoja kutoka Tanga. Mama yake alifariki zamani, na picha iliyobaki ilikuwa ndogo, ya kitambulisho, imepigwa kwa mwako wa mbele uliofuta vivuli vyote.

“Fundi, sura ni hii,” akaniambia, “lakini rangi siyo. Mama alikuwa maji ya kunde. Hapa wamemfanya kama majivu.”

Nikamuuliza, “Mzee wangu, kati yenu nani amechukua rangi ya mama?”

Akasema ni dada yake mdogo. Nikaomba aje naye. Nilimkalisha dadaye karibu na dirisha, mwanga ukimjia kwa upande, nikampiga picha za kuniongoza kwenye vivuli. Kisha nikachukua kanda zangu za plastiki na kuziweka juu ya mkono wake na shingo, kama nilivyofanya kwa Pareja. Mzee akawa ananisahihisha: mama alikuwa mwekundu zaidi hapa, na puani alikuwa aking'aa akitoka jikoni. Maneno hayo yana thamani kuliko picha yoyote. Ukuta wa nyuma niliuchora kijivu cha kijani. Familia walitaka kanga yenye nyeupe nyingi, nikaifanya ndiyo mizani yangu ya mwanga. Mdomo niliuacha umefungwa, macho yafanye kazi. Walipokuja kuichukua, dada mtu alisema, “Shikamoo mama,” kabla hajanisalimia mimi.

Kisha likaja suala la nakala. Ndugu ni wengi, picha ni moja. Mzee aliona haya kuniuliza, akidhani kuprinti ni kuidharau kazi. Nikamsimulia habari ya picha iitwayo Tutu. Ben Enwonwu wa Nigeria alimchora binti wa ukoo wa kifalme wa Ife, Adetutu Ademiluyi, kuanzia mwaka 1973, akafanya picha tatu. Zikapotea machoni pa watu kwa miaka mingi, lakini nakala zake zilizochapwa zilikuwa zimetundikwa kwenye nyumba za watu Nigeria nzima. Moja ya zile tatu ilipotokea ndani ya nyumba moja London na kuuzwa Februari 2018 kwa zaidi ya pauni milioni 1.2, Wanigeria walikuwa wanamjua tayari. Nakala ndizo zilizomtunza.

Kwa picha ya mama nilisubiri rangi ikauke vizuri. Nikaitoa nje asubuhi, kivulini, bila mwako wowote maana mafuta hung'aa, kamera juu ya stendi, katikati na sawa na picha, kadi ya kijivu pembeni. Kwenye kompyuta nilirekebisha mpaka kadi ikawa kijivu kweli, na uso ukafuata wenyewe. Duka la kwanza lilikuwa la mabango, na kahawia yote ikatoka ya kijani. Duka la pili nilipeleka kipande cha uso tu, nikakiprinti kwenye karatasi isiyong'aa, nikakishika kando ya picha halisi dirishani, nikarudi kuomba vivuli vifunguliwe kidogo, ndipo nikaruhusu zote zichapwe. Kwanza chapa kipande, kila mara. Nyuma ya kila moja niliandika kwa mkono kwamba ni nakala, na picha halisi iko Tanga kwa kaka mkubwa. Ndugu aliyeko Maskati alitumiwa yake imeviringishwa ndani ya bomba la plastiki.

Sasa nimeanza kumnakili Madeleine, aliyechorwa na Marie-Guillemine Benoist mwaka 1800 na kutundikwa Louvre, Paris. Alikuwa mtumwa aliyeachiwa huru, kutoka Guadeloupe, na jina lake limerudishwa kwenye picha miaka ya karibuni tu. Amevaa kitambaa cheupe kichwani na nguo nyeupe, na nyuma yake ukuta wa rangi nyepesi. Hapo kijivu cha kijani cha Velázquez hakinisaidii. Joto la ngozi itabidi nilitafute kwenye weupe wenyewe, na kanda zangu za plastiki nimeshazikata.