Sista, Huyu Ana Arosto

Mwaka 2013 nilikuwa na miaka mitatu kazini, wodi ya watoto wachanga, hospitali moja ya Dar es Salaam, na nilijiona nimeshayaona ya kutosha. Usiku mmoja akaletwa mvulana wa siku mbili, kilo mbili na nusu. Kilio chake kilikuwa chembamba na kikali, kama cha paka aliyebanwa na mlango. Mikono inamtetemeka. Ananyonya kwa pupa, anaachia, anatapika, anaanza tena.

Tukapima sukari, ikawa nzuri. Joto lilikuwa limepanda kidogo, na kwetu mtoto mchanga mwenye homa alikuwa na jibu moja: uambukizo wa damu. Akaanzishiwa ampisilini na jentamaisini. Nilipomshika mkono kutafuta mshipa, mtetemo ukatulia. Degedege haitulii kwa kushikwa. Nilifundishwa hilo chuoni, na bado likanipita.

Mama yake alikaa jirani na kitanda, kajitanda khanga mpaka viganjani, na joto la Februari mnalijua. Miayo haimwishi, kamasi zinamchuruzika. Mtoto akipiga chafya, naye anapiga.

"Mama, mafua hayo utamwambukiza mtoto. Nenda kakae kule."

Akaenda kule pembeni, kimya.

Saa nane usiku nikamsikia nyuma yangu. "Sista, huyu hana homa. Ana arosto."

Arosto ni neno la vijiweni, la mateja waliokosa unga. Sikutegemea kulisikia juu ya kitanda cha mtoto mchanga. Akafunua khanga, nikaiona mikono. Unga alishaacha, akasema, anakunywa methadoni, dawa inayotolewa badala ya unga, kila siku mbele ya mhudumu. Huduma yenyewe ilikuwa changa, Muhimbili walianza Februari 2011. Tangu uchungu umshike hajanywa, siku ya tatu sasa, na mtoto aliyekuwa akiipata tumboni kwa damu yake ameikosa. Kwa nini hakusema? Kule wodi ya wazazi aliwasikia wauguzi wakimcheka mwenzake.

Daktari alipoamshwa, swali lake la kwanza lilikuwa kama mtoto alipigwa naloksoni, sindano ya kuzima nguvu ya unga mwilini, alipozaliwa. Hakupigwa. Akashusha pumzi, maana kwa mtoto wa namna hiyo sindano ile huweza kuleta degedege. Akanichorea karatasi ya alama za arosto: kilio, usingizi, chafya, jasho, kinyesi, nijaze kila saa nne. Akasema dawa ya kutuliza isubiri kwanza.

Basi nikazima taa mbili. Nikamvua nguo mtoto, nikamlaza kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, nikawafunga wote wawili kwa ile khanga. Maziwa kidogo kidogo, akichoka kunyonya tunamkamulia kwenye kikombe. Mlinzi nilimwomba azime redio yake chini ya dirisha. Alininunia wiki nzima.

Alama zilianza 14. Kulipokucha 7, na alikuwa amelala saa nzima bila kushtuka.

Zamu yangu ikaisha, sikuondoka. Mama alipelekwa kliniki akanywe dozi yake, nikabaki na mtoto kifuani kwangu, ananuka maziwa yaliyochacha. Karibu na adhuhuri mama akarudi, chafya zimekoma. Akapita moja kwa moja, akaenda kukaa kule pembeni nilikomfukuzia usiku. Ikabidi nimfuate na mtoto.