Siku moja maishani mwangu: kuing'oa maktaba ya C kwenye programu iliyoizaa

Mtu akisikia unaandika programu, anafikiria tovuti au app ya simu. Kazi ya hapa haina kioo cha kumwonyesha mtu. Ikifanywa vizuri, msimbo unafanya kile kile ulichokuwa ukifanya jana, ila sasa unafanya popote. Ndiyo maana mteja huhisi analipia hewa.

Kazi ya leo ni hii: kuna seva kubwa inayokusanya usomaji wa mita za maji. Ndani yake mna saraka moja, `src/mita/`, inayofasiri jumbe zinazotumwa na mita. Mteja anaitaka saraka hiyo peke yake, iwe maktaba ya C (msimbo wa lugha ya C unaotumiwa ndani ya programu nyingine), iingie kwenye kifaa cha mkononi chenye prosesa ya ARM, na pia kwenye kompyuta za ofisini zenye Windows.

Saa 1:30 asubuhi. Chai na chapati Area C, kisha ofisini kabla upepo wa Dodoma haujaanza kumwaga vumbi kwenye kibodi. Hakuna kuandika chochote bado. Unachukua nakala mpya ya hazina yote (msimbo pamoja na historia yake) kwa `git clone`, halafu unabakiza saraka hiyo tu kwa `git filter-repo --path src/mita/`, ili historia ije pamoja na mafaili. Anayenakili saraka kwa mkono anaacha nyuma maelezo ya kwa nini kila mstari wa ajabu uliandikwa, na hiyo mistari ya ajabu ndiyo itakayomsumbua. Saa hii hii unakagua leseni. Ikiwa faili moja la usaidizi lilitolewa kwenye mradi wa GPL (leseni inayotaka anayepokea programu apewe na msimbo wake), maktaba yote ikisambazwa itafuata masharti hayo, na mteja aambiwe leo, si siku ya kukabidhi.

Saa 3. Heda, yaani mafaili ya `.h` yanayotangaza fanksheni na aina za data. `gcc -H -c` inachora mti wa kila heda inayoburutwa, na faili dogo la kukokotoa CRC (namba ya kukagua kama ujumbe umeharibika) linakuja na nusu ya seva mgongoni, kisa `#include "seva.h"` moja. Unaitoa, unaweka `<stdint.h>`, `<stddef.h>` na `<string.h>`, kisha kila faili lijikompaili peke yake kwa `-std=c99 -Wall -Wextra -Wpedantic`. Inachosha, haina ugumu.

Saa 4:30. Unaunganisha vipande vyote kuwa kimoja, `ld -r -o yote.o *.o`, halafu `nm -u yote.o`, inayoorodhesha majina yanayoitwa lakini hayamo ndani. Ukiruka hatua ya `ld -r`, orodha itajaa majina ambayo mafaili yenyewe yanaitana, na hutaona kinachotoka nje. Sasa yanabaki ya maktaba sanifu ya C, ambayo hayana neno, na manne ya mzazi, yaani seva: `log_error`, `die`, `g_config`, `pool_alloc`.

La kwanza linageuzwa kuwa pointa ya fanksheni anayoitoa mtumiaji, pamoja na `void *` yake ya kubebea atakacho. `die` linaita `exit(1)`, na maktaba haina mamlaka ya kuua programu ya mtu: kila fanksheni sasa inarudisha 0 au namba hasi ya kosa. `g_config` inakuwa struct iliyofichwa, `mita_ctx`, inayopitishwa kila mahali kama hoja ya kwanza. Na majina: kila la wazi lianze na `mita_`, mengine yawe `static` au yafichwe kwa `-fvisibility=hidden`. Kwenye `.so` (maktaba inayopakiwa programu inapoendeshwa), hilo la pili linatosha. Kwenye `.a` (inayounganishwa ndani ya programu wakati wa kuijenga) halisaidii, kwa hiyo hata majina ya ndani yanayovuka faili yanapewa kiambishi, maana fanksheni inayoitwa `crc16` inaweza kabisa kugongana na `crc16` ya mwingine.

Saa 5:40 simu inaita, ni mteja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kijana wangu, hicho kitu si kinafanya kazi tayari kwenye seva?"

"Kinafanya kazi mzee, lakini ndani ya seva."

"Basi si mkate tu na kubandika? Mnanicheleweshea watu huku."

Huwezi kumlaumu, kwa sababu `nm` nayo inasema kama yeye. Ukiweka `malloc`, ya kuomba kumbukumbu kwenye C sanifu, badala ya `pool_alloc`, orodha ni safi, maktaba inakompaili, majaribio yanapita. Fundi wengi wanaishia hapa na kukabidhi. Tatizo ni kwamba linka (programu inayounganisha vipande) inajua majina tu. Ahadi ambazo mzazi alikuwa anazitimiza kimya kimya haizijui. Ni kama kijana aliyekulia kwa mjomba: akihamia chumba chake ndipo anagundua kumbe chumvi hununuliwa.

Ugali na mlenda kwa mama lishe, dakika ishirini, na simu imeita tena katikati ya tonge.

Saa 7 mchana inaanza `pool_alloc`, na hii ndiyo siku yenyewe. Kwenye seva, kila ujumbe ulipoingia ulipewa bwawa lake la kumbukumbu, na ujumbe ukiisha bwawa lote linatupwa mara moja. Matokeo yake ni kwamba ndani ya maktaba hakuna hata `free` moja, ya kurudisha kumbukumbu. Ukibadilisha `pool_alloc` kuwa `malloc`, kila kitu kinafanya kazi, huku kila ujumbe ukiacha taka nyuma yake. Kwenye seva yenye RAM tele huenda usingegundua mapema. Kifaa cha mkononi kitazimika kabla msoma mita hajamaliza mtaa.

Kwa hiyo unapita kila mahali panapoombwa kumbukumbu na kuuliza: mwenye hiki ni nani, na anakiachia lini? Jibu linaandikwa kwenye heda, juu ya kila fanksheni. Njia za makosa ndizo mbaya zaidi. Fanksheni inayoomba mara tatu na kufeli ya tatu lazima iachie mbili za mwanzo, na kwa vile hapo zamani ilikuwa inaita `die`, hakuna aliyewahi kuiandika njia hiyo. Kuijaribu kuna mbinu moja ya uhakika: mpe mtumiaji nafasi ya kuleta `malloc` yake, halafu kwenye jaribio weka inayokataa ombi la kwanza, endesha, ikatae la pili, endesha, endelea hivyo mpaka ipite bila kukataliwa popote. Vyote vikompailiwe kwa `-fsanitize=address,undefined`, inayonasa kumbukumbu isiyoachiwa au inayotumiwa vibaya. Kila mzunguko unatoa taka mpya. Unaziba, unarudia.

Halafu bwawa lile lilikuwa likitoa kumbukumbu iliyojazwa sifuri. `malloc` haiahidi hivyo, ila kurasa mpya kutoka kwenye kernel huja na sifuri, kwa hiyo jaribio fupi linapita na programu inayokaa muda mrefu inaharibika. Kwenye Linux yenye glibc, kompaili jaribio bila `-fsanitize=address`, maana hiyo huleta `malloc` yake, kisha weka `MALLOC_PERTURB_=165` mbele ya amri ya jaribio, kumbukumbu ijazwe takataka kwa makusudi. Hapo zile struct zilizotegemea sifuri zinajitokeza. Dawa ni `calloc`, inayotoa kumbukumbu yenye sifuri.

Simu tena. Safari hii anauliza kama kuna mtu mwingine anayeweza kusaidia ili iende haraka.

Joto la alasiri sasa, feni inasukuma hewa ya moto, saa siziangalii tena. Seva haikuwahi kuita `setlocale`, ya kuchagua kanuni za uandishi za lugha fulani. Programu ya Windows yenye madirisha inaweza kuita. Ikiwa lugha iliyochaguliwa hutumia mkato badala ya nukta ya desimali, `strtod`, inayogeuza maandishi kuwa namba, ikisoma "12.75" (mita za ujazo) inaishia kwenye nukta na kurudisha 12, bila kosa lolote. Bili ya mtu inapungua na hakuna anayejua. Tunasoma sehemu mbili kama namba nzima na kuhifadhi lita kwenye `int64_t`: 12750. Seva ilikuwa pia na uzi mmoja tu (mfululizo mmoja wa kazi), ndiyo maana fanksheni moja ilirudisha bafa ya `static`, nafasi moja ya maandishi inayotumiwa na kila anayeiita. Nyuzi mbili zikiiita kwa pamoja, moja inasoma maandishi ya mwenzake. Sasa bafa na ukubwa wake vinatoka kwa anayeita.

ARM: `char` kwenye Linux ya x86 ina alama ya hasi, kwenye Linux ya ARM haina. Kitanzi cha `char c; while ((c = soma()) != -1)` hakiishi kamwe kwenye kifaa. Na hata kwenye x86 kilikuwa kibovu, maana baiti halali ya 0xFF ilionekana kama mwisho wa ujumbe. `int c`, basi. Ukitaka kuyanasa haya bila kifaa, kompaili kwa `-funsigned-char`, kisha tumia kompaila ya ARM na uendeshe kwa `qemu-arm`, inayoiga prosesa hiyo. Zile `memcpy` (za kunakili baiti) za ujumbe mzima kuingia kwenye struct zote zinaondoka, kwa sababu ya nafasi tupu kati ya vipengele na mpangilio wa baiti. Tunasoma baiti moja moja na kuzisogeza, `(uint32_t)b[0] << 24`. Usisahau hiyo `(uint32_t)`, bila yake biti inaangukia kwenye alama ya hasi.

Giza limeingia, nje wanachoma mishkaki. Windows ya biti 64 ina `long` ya biti 32, kwa hiyo muda kwa milisekunde unafurika baada ya 2147483647. `int64_t`, na `PRId64` pale panapochapishwa. Kompaila ya Microsoft haina `ssize_t` wala `unistd.h`, na inakataa safu zenye urefu usiojulikana mapema. Faili lifunguliwe kwa "rb". Heda ya wazi izungushiwe `extern "C"`, ili programu za C++ ziweze kuitumia.

Simu ya mwisho: anaweza kuipata usiku huu? Anaweza, lakini nambari yake ni 0.1.0. Ile 1.0 inasubiri kifaa chenyewe kiletwe mezani, kwa sababu baada ya hapo majina na hoja za fanksheni hazibadilishwi bila kuvunja programu za watu. Amejibu kwamba yeye anataka 1.0.