Swali nililoogopa kumuuliza mdogo wangu

Kidonda cha kichwani kilifunga ndani ya wiki tatu. Nywele zikaota juu ya kovu, wageni wakapungua, kila aliyemwona akasema, "Mungu mkubwa, amepona." Kumbe mdogo wangu ndiyo kwanza alikuwa anaanza kuumwa.

Ni fundi umeme, alianguka kutoka kwenye ngazi. Mwezi wa nne baada ya ajali, mwanga wa dirishani bado ulimuumiza, usiku halali, mtoto akiangusha kijiko anafoka, kisha analia kwa aibu. Tukamwambia ajikaze. Neno hilo nalijutia mpaka leo. Sehemu ya mbele ya ubongo, hapa nyuma ya paji la uso, ndiyo inayomshikia mtu breki anapopandwa na hasira au wazo baya. Ikiumia, wazo na tendo vinakaribiana mno.

Siku moja nilimwacha ameketi kitandani, kiatu mkononi. Niliporudi kutoka kazini jioni, kiatu kilikuwa mkononi vilevile. Akasema bila kunitazama, "Dada, nisingekuwepo mngepumzika."

Nikakaa chini. Kwa wiki kadhaa nilikuwa naogopa nitamtia wazo ambalo hana. Sasa najua kuuliza hakumtii mtu wazo hilo. "Unafikiria kujiua?" Akashusha pumzi ndefu. "Ndiyo. Karibu kila siku."

Usiku ule hatukumwacha peke yake. Dawa zote zikafungiwa kwa mume wangu. Asubuhi tukaenda kwa daktari, akatibiwa sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, ambao huwapata wengi baada ya ajali ya kichwa. Tukaandika karatasi, maneno machache kwa sababu anasahau: dalili zake mbaya, ampigie nani kwanza, nani akikosekana. Ipo mlangoni mwa kabati.

Utafiti wa Denmark uliochapishwa 2018, uliofuatilia zaidi ya watu milioni 7, ulikuta waliotibiwa majeraha ya kichwa walijiua karibu mara mbili ya wengine, hatari ikiwa kubwa zaidi miezi 6 ya mwanzo. Walio wengi hawajiui. Lakini miezi hiyo ndiyo sisi tulikuwa tunashangilia kovu.

Kama wazo hilo unalo wewe unayesoma, mwambie mtu leo, kabla hujalala.

Kila Jumapili namuuliza tena, kwa maneno yaleyale. Juzi alijibu, "Mara moja tu, Jumatano. Nikampigia shemeji."