Nilivyoacha kukariri nasaba za Misri nikazichora

Mara tatu nilijaribu kukariri nasaba 30 za Misri ya kale, yaani mafungu ya wafalme wake, na mara zote nilikwama baada ya ile ya 6. Wajenzi wa mapiramidi walinikaa kichwani bila shida. Baada yao majina yanafurika, na nikijumlisha miaka ya nasaba zote, Misri inazeeka kupita kiasi.

Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba nasaba zilipokezana, moja ikiisha ndipo nyingine ianze. Mgawanyo huu tumeurithi kwa Manetho, kuhani wa Misri aliyeandika kwa Kigiriki katika karne ya 3 KK. Kitabu chake kimepotea. Vimebaki vipande walivyonukuu waandishi wa baadaye, na humo nasaba zimepangwa kwa foleni. Nchi yenyewe haikuwa na mfalme mmoja siku zote.

Nikatandika karatasi ya manila sakafuni. Palipokuwa na mfalme mmoja nilichora mstari mmoja, palipokuwa na wengi nikachora mistari sambamba. Nasaba ya 3 hadi ya 6 zikawa mstari mmoja mnene: Ufalme wa Kale, wakati wa Djoser na Khufu. Kisha mstari ukapasuka, wafalme wa mji wa Herakleopolis huku na wa mji wa Thebes kule. Hicho ndicho Kipindi cha Kwanza cha Mpito. Mentuhotep II wa Thebes akaiunganisha nchi, Ufalme wa Kati ukaanza, naye bado yumo katika nasaba ya 11 ileile. Yaani kipindi kinabadilika katikati ya nasaba!

Hapo nilikaa siku kadhaa, kwa sababu kwa Ahmose, mfalme mwingine wa Thebes, mambo ni kinyume. Yeye aliwafukuza Wahyksos, wageni kutoka Asia waliotawala kaskazini katika Kipindi cha Pili cha Mpito, karibu mwaka 1550 KK, na anahesabiwa mwanzilishi wa nasaba ya 18 na wa Ufalme Mpya, ingawa ni wa ukoo uleule wa nasaba ya 17. Nilikuwa naamini nasaba ni damu tu. Sasa naona kwamba swali la kuanzia ni nani alitawala wapi, na nani mwingine alitawala wakati huohuo.

Kipindi cha Tatu cha Mpito, nchi ilipogawanyika tena baada ya Ufalme Mpya, ndicho kilichonitoa jasho. Kwa nasaba za 22 hadi 25 nilichora mistari minne, nikaridhika. Halafu nikaona picha ya jiwe la ushindi la Piye, mfalme wa Kushi, lililopatikana Jebel Barkal, Sudan. Mbele yake wapo wafalme wanne wa Misri, watatu wamesujudu, na Nimlot wa Hermopolis anamletea farasi. Nimlot huyo, pamoja na Peftjauawybast wa Herakleopolis, hawamo katika nasaba za Manetho. Nikachukua kalamu, nikawaongezea mistari yao.