Nyumba ya Nyasi Inataka Moto

Makumbusho mengi niliyowahi kuingia humtaka mgeni atembee kimya, asiguse kitu, kisha aondoke. Ya Bujora, yaliyo kilimani Kisesa, takriban kilomita 20 kutoka Mwanza mjini kwa barabara ya Musoma, yana tabia nyingine, kwa kuwa yamo ndani ya parokia, na watu wa ibada, wacheza ngoma, wanafunzi wa ziara na wazee waliokuja kupunga upepo hupishana katika eneo lile lile. Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alijenga hapo kanisa la duara kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma, na makumbusho yakafuata mwaka 1968, miaka michache tu baada ya serikali kufuta mamlaka ya watemi, yaani machifu wa jadi, mwaka 1963. Ngoma za kitemi zilizokosa kazi zilihitaji pa kukaa, na leo zimo katika banda lenye umbo la kigoda cha mtemi.

Hata hivyo, kilichonishika safari hii ni msonge wa nyasi unaoonyesha kaya ya zamani. Mama mkubwa, niliyeongozana naye, aliinama mlangoni, akapapasa fito kwa kiganja, kisha akakitazama kiganja chake kama mkaguzi wa afya aliyeingia mgahawani.

"Mwanangu," akasema, "nyumba ya nyasi haitoshwi na ufagio. Inataka moto."

Alinieleza kwamba moshi wa jikoni hupanda polepole, ukakausha nyasi na kuacha masizi kwenye fito na kamba, na kwamba mchwa na wadudu wengine hawapendi kukaa penye masizi. Nilimkumbuka babu kule Kwimba: familia ilipohamia nyumba ya bati, msonge wake haukuvumilia masika mengi kabla ya kubonyea upande mmoja, ingawa hakuna aliyeugusa. Kumbe kutoguswa ndiko kulikouangusha.

Tangu hapo nawaza kuhusu shikome, ule moto wa jioni wa uani, ambapo wanaume na wavulana waliketi kuzungumza habari za ng'ombe, mahari na mashamba, na mtoto akajifunza mengi kwa kusikiliza tu. Kwa maoni yangu, kuwaketisha wanafunzi chini kuuzunguka moto kama huo, mzee akasimulia, kungewafaa kuliko vibao vya maelezo, ambavyo (nasema kwa heshima) wengi wao hunakili daftarini bila kuinua macho.

Uwanja wa ngoma wa Bujora hauhitaji ushauri wangu. Kila mwaka, majira ya sikukuu ya Ekaristi, hufanyika hapo tamasha la ngoma liitwalo Bulabo, na makundi ya ngoma ya Bagika na Bagalu, ambayo asili yake ni waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, hushindana huku wengine wakicheza na majembe na wengine na nyoka hai. Katika mashindano ya Kisukuma pande mbili hucheza kwa wakati mmoja, na ushindi huamuliwa na wingi wa watu waliovutwa upande mmoja, kwa hiyo mtazamaji anayeamua kuhama tayari amepiga kura yake.