Dua ya kadi ilivyokuwa ikitoka kichwa chini

Idi imebaki siku tatu, na mimi nimeshaharibu karatasi nene sita za manila nikichapa kadi. Nje ya kadi "Idi Mubarak" imekaa vizuri; ukifungua, dua ya ndani iko kichwa chini miguu juu. Nikailaumu printa bure.

Kosa lilikuwa langu, kwenye kugeuza. Nilichukua karatasi ya kawaida, nikachora mshale wa penseli konani, nikachapa upande mmoja, nikairudisha kuona maneno yanaangukia wapi. Kumbe kadi ya kufunguka kama kitabu hugeuzwa kwa ukingo mfupi, nami nilikuwa nageuza kwa ule mrefu.

A4 ikilazwa ina upana wa milimita 297, hivyo mkunjo uko kwenye 148.5. Niligawa ukurasa safu mbili: maneno ya jalada kulia, kushoto tupu, maana huko ndiko mgongoni.

Manila iliendelea kukwama hadi nilipoingiza moja moja kwa trei ya nyuma na kuchagua karatasi nene kwenye mipangilio. Na wino uacheni ukauke. Ya kwanza niliikunja mbichi, dua ikajichapa upya upande wa pili, kinyumenyume.