Usiku Nilipoifukuza Diski Nzima

Nilikuwa na miezi michache tu katika kazi ya kutunza seva, usiku ule nilipoandika amri isiyo na kosa hata moja la tahajia, ikapokewa bila swali, na faili zote za ofisi zikaacha kufunguka. Naikumbuka herufi kwa herufi, na mdadm ndiyo programu ya Linux inayosimamia safu za diski: mdadm --manage /dev/md0 --fail /dev/sdc1 --remove /dev/sdc1. Kosa lote lilikuwa katika ile c.

Seva ile ya Linux ilikuwa na diski ya mfumo, sda, na nyingine nne, sdb mpaka sde, za terabaiti 2 kila moja, zilizounganishwa kuwa safu moja ya RAID 5, yaani diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja, yenye nafasi ya terabaiti 6. Nafasi iliyosalia ilibeba hesabu za ziada, zilizotawanywa katika diski zote nne, ambazo huiwezesha safu kukokotoa upya data ya diski iliyokufa. Uwezo huo ni wa diski moja tu. Ya pili ikitoka kabla ya ile ya kwanza kufidiwa, safu husimama. Jioni hiyo nilisoma /proc/mdstat, faili ambamo Linux huonyesha hali ya safu, nikakuta sdc1 (sehemu ya kwanza ya diski sdc) imewekewa alama ya (F), yaani imeharibika, na chini yake [4/3] [U_UU], yaani ni diski tatu tu kati ya nne zilizo hai, na ya pili katika mpangilio imeondoka. Nikaandika "sdc" kwenye kikaratasi, kisha nikaizima seva na kuiwasha tena, dawa ambayo sisi wageni wa kazi tuliipa kila ugonjwa.

Sikujua kwamba herufi hizo si majina ya diski. Linux huzigawa upya kila inapowaka, kwa kufuata diski zilizoitika. Ile mbovu haikuitika safari hii, kwa hiyo iliyokuwa sdd ikawa sdc, na iliyokuwa sde ikasogea ikawa sdd. Mimi, bila kuitazama mdstat kwa mara ya pili, nikaandika amri yangu kutoka kwenye kikaratasi. Jibu lilikuja kwa mistari miwili mitulivu iliyosema kwamba sdc1 imetangazwa mbovu na kwamba imeondolewa. Nilipotazama tena nikaona [4/2] [U__U]. Nilikuwa nimeifukuza diski nzima, isiyo na kasoro, kutoka kwenye safu ambayo tayari ilikuwa na pengo.

Hofu humfanya mtu awe na haraka. Katika daftari la kazi palikuwa na amri iliyoijenga safu ile siku ya kwanza, inayoanza na mdadm --create, nami nikajiambia kwamba kilichoijenga kitaijenga tena. Niliiandika yote, kisha kabla ya kubonyeza Enter nikampigia simu dada aliyenitangulia kazini. Alikuja, akasoma skrini akiwa bado amesimama.

"Umeshabonyeza?"

"Bado, dada."

"Basi ifute herufi moja moja mpaka mwanzo wa mstari, nikiona."

Alinieleza baadaye, nami nimelihakikisha mara nyingi tangu hapo, kwamba --create, hata ikiona diski zina safu ya zamani, huonya tu na kuuliza kama uendelee. Ukikubali, huandika kumbukumbu mpya za safu juu ya zile za zamani, na mpangilio wa diski au ukubwa wa vipande ambamo data hukatwa ukitofautiana na wa awali (matoleo ya zamani ya mdadm yalitumia kilobaiti 64 pasipotajwa kitu, mapya hutumia 512), faili hugeuka vipande visivyofuatana. Baya zaidi, safu mpya ya RAID 5 huanza papo hapo kujaza diski mojawapo kwa hesabu inazoziamini, na kilichokuwamo hufutika. Neno tulilolihitaji lilikuwa --assemble, ambalo huziacha diski zenyewe ziseme zilikuwa nani na zilikaa wapi.

Aliisimamisha safu, akaniamuru niendeshe mdadm --examine, inayosoma kumbukumbu za safu zilizo ndani ya diski, kwa kila diski na kunakili hesabu ya matukio, namba inayoongezeka kila hali ya safu inapobadilika. Mbili zilikuwa sawa; ile niliyoifukuza ilibaki nyuma kwa matukio machache tu, yaani karibu hakuna kilichoandikwa bila yake. Ndipo akaniachia kibodi: mdadm --assemble --force /dev/md0 /dev/sdb1 /dev/sdc1 /dev/sdd1. Safu ikaamka na diski tatu kati ya nne. Hakuniruhusu kushangilia. Tuliukagua kwanza mfumo wa faili kwa fsck -n, ambayo husoma bila kurekebisha, tukaufungua kwa kusoma tu, tukanakili nyaraka muhimu mahali pengine.

Ilipofika zamu ya kuichomoa ile mbovu, alinitaka nisome kwa smartctl -i, amri inayoonyesha taarifa za diski, namba za kiwandani za diski tatu zilizo hai, ili namba itakayobaki kwenye lebo bila mwenziwe iwe ndiyo ya marehemu. Diski mpya tuliiingiza kwa --add. Kwa kasi ya takriban megabaiti 100 kwa sekunde, terabaiti 2 huchukua zaidi ya saa tano na nusu kujengwa upya, na muda wote huo nilikaa nikitazama ule mshale mdogo wa mdstat ukisogea. Yeye alikiokota kikaratasi changu sakafuni, akakigeuza huku na huku.

"Hii sdc," akauliza, "ni ya kabla ya kuwasha au ya baada?"

Asubuhi mstari ulisomeka [UUUU].